Namna ya Kujifunza Siasa na Sera za Umma kwa Nadharia ya Michezo: Mwongozo kwa Wasomaji wa Uganda

Nadharia ya michezo huchunguza maamuzi ya watu wawili au zaidi ambao kila mmoja wao, kabla hajatenda, hulazimika kujiuliza mwenzake atatenda nini. Msingi wake uliwekwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Miaka sita baadaye, John Nash alithibitisha kwamba kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na mikakati una angalau hali moja ambamo hakuna mchezaji anayeweza kujinufaisha zaidi kwa kubadili mkakati wake peke yake, ijapokuwa wakati mwingine mkakati wenyewe ni wa kubahatisha kwa uwiano maalumu. Hali hiyo huitwa msawazo wa Nash. Siasa imejaa maamuzi ya namna hii. Mbunge hupima kama ahame chama kabla wenzake hawajahama, Wizara ya Fedha huweka kodi huku ikikisia nani ataikwepa, na mpiga kura hujiuliza kama kura yake itapotea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma sayansi ya siasa au utawala wa umma, awe Makerere, Gulu, Mbarara au nyumbani kwake bila mwalimu, ambaye anataka nadharia hii imsaidie kuielewa nchi anamoishi. Ushauri wangu mkuu nautaja mapema: usimalize kwanza vitabu vya nadharia ndipo utafute mifano. Chagua tukio la Uganda unalolifahamu vizuri, liandike kama mchezo mdogo kadiri inavyowezekana, kisha uchunguze mchezo huo unakosea wapi. Pale unapokosea ndipo utakapojifunza siasa, kwa kuwa ndipo utakapogundua kitu ambacho wachezaji walikijali na wewe hukukiandika.

Hisabati isikutishe. Anayeweza kukokotoa uwezekano, kutatua mlinganyo wa herufi moja na kulinganisha kipi ni kikubwa kuliko kipi, yaani hisabati ya kidato cha nne, anaweza kufanya kila hesabu iliyomo humu. Chuo Kikuu cha Yale kimeweka mihadhara 24 ya nadharia ya michezo mtandaoni bila malipo, na kwa kuwa video hula data nyingi, ni vyema kujua kwamba sauti peke yake na maandishi ya mihadhara hiyo hupatikana pia. Ipo programu ya bure iitwayo Gambit inayotafuta misawazo yenyewe, lakini usiiguse katika wiki za mwanzo. Anayeanza na programu hupata majibu ya maswali ambayo hajayaelewa.

Anza na mchezo uliokwisha kuchezwa

Uchaguzi wa Aprili 1962, uliotangulia uhuru wa tarehe 9 Oktoba mwaka huo, ni shule nzuri ya kuanzia kwa sababu hesabu yake ni ndogo na mwisho wake unajulikana. Viti vilikuwa 82. UPC ya Milton Obote ilipata 37, DP ya Benedicto Kiwanuka ilipata 24, na Kabaka Yekka, chama kilichoundwa kuutetea ufalme wa Buganda, kilikuwa na viti vyote 21 vya Buganda, ambavyo wajumbe wake walichaguliwa na Lukiiko, bunge la Buganda, badala ya kupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Ili kutawala zilihitajika sauti 42, na hakuna chama kilichozifikia.

Chukua karatasi uandike kila muungano wa vyama viwili. UPC na DP wangekuwa na viti 61, UPC na Kabaka Yekka 58, DP na Kabaka Yekka 45. Mwanasayansi wa siasa wa Marekani, William Riker, alitoa hoja mwaka huohuo wa 1962 kwamba wanasiasa huelekea kuunda muungano mdogo kabisa unaotosha kushinda, kwa kuwa kila mshirika wa ziada ni mdomo mwingine wa kugawana nao madaraka. Kwa kipimo hicho, DP na Kabaka Yekka ndio waliopaswa kuungana. Walioungana ni UPC na Kabaka Yekka, na Obote akawa waziri mkuu.

Mwanafunzi mwenye haraka atasema nadharia imeshindwa na kufunga daftari. Mwenye subira atarudi kwenye karatasi na kuuliza wachezaji walitaka nini zaidi ya viti. Atakumbuka kwamba Mengo, makao ya Kabaka (mfalme wa Buganda) na serikali yake, ilisusia uchaguzi wa 1961, DP ikaingia uchaguzini licha ya wito huo, ikashinda, na Kiwanuka akaongoza serikali. Machoni pa Mengo huo ulikuwa uasi wa raia wa Buganda dhidi ya Kabaka wake. Ataongeza kwamba DP ilikuwa na mizizi miongoni mwa Wakatoliki, ilhali uongozi wa Mengo ulikuwa mikononi mwa Waprotestanti kwa sehemu kubwa, na kwamba DP na Kabaka Yekka waligombania watu walewale wa Buganda. UPC haikuwa na wafuasi wengi huko, na kwa hiyo haikuwa tishio la karibu. Ukiyaingiza mambo haya katika malipo ya kila mchezaji, yaani faida na hasara anazopata katika kila matokeo, muungano wa viti 45 unageuka kuwa ghali kuliko ule wa viti 58.

Bado kuna kosa la pili katika karatasi ile, nalo ni la mpangilio wa hatua. Tumeandika kana kwamba viti vilipatikana kwanza na mapatano yakafuata. Kwa kweli UPC na Mengo walikwisha kuelewana mwaka 1961, na uchaguzi wa wajumbe wa Buganda kupitia Lukiiko ulikuwa sehemu ya bei ambayo UPC ilikubali kuiunga mkono katika mazungumzo ya katiba mjini London. Viti 21 vya Kabaka Yekka ni tunda la muungano, wala havikuwa mtaji ulioutangulia. Mchezo uleule ukiandikwa kwa mpangilio usio sahihi wa hatua hutoa jibu lenye sura ya hesabu safi lakini lisilo na maana, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa linaloharibu tasnifu nyingi kuliko udhaifu wowote wa hisabati.

Endelea mbele kidogo uone jinsi muungano ulivyovunjika. Kabaka Mutesa II alifanywa rais Oktoba 1963. Wakati huohuo wabunge wa DP na wa Kabaka Yekka walikuwa wakihamia UPC mmoja mmoja, hadi mwaka 1964 UPC ikawa na wingi wake yenyewe. Muungano ulikwisha mwaka huohuo, na Novemba ikafanyika kura ya maoni iliyozirudisha kaunti za Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro kutoka Buganda. Ahadi zilizotolewa wakati UPC ilipohitaji sauti 21 hazikuwa na mlinzi siku haikuzihitaji tena. Wataalamu huliita jambo hili tatizo la ahadi isiyoaminika, na litajitokeza tena hapa chini katika hifadhi ya Garamba nchini Kongo.

Jedwali la malipo: mfereji wa mtaa

Baada ya historia, jizoeze na tatizo la kila siku. Mitaa ya mabondeni ya Kampala kama Bwaise hufurika mvua inaponyesha, na mifereji iliyozibwa na takataka huzidisha balaa. Tuchukue kaya kumi zinazopakana na mfereji mmoja, kwa takwimu za kufundishia tu. Kila kaya inaombwa shilingi 1,000 kwa mwezi za kuuzibua. Kila 1,000 inayotolewa huepusha hasara ya shilingi 3,000 kwa jumla, yaani 300 kwa kila kaya, ikiwemo ile isiyotoa chochote.

Sasa kokotoa kwa jicho la kaya moja. Ikitoa 1,000, yenyewe inarudishiwa 300, hivyo inapoteza 700, hata wengine wafanye nini. Kutokutoa kunashinda kutoa katika kila hali. Lakini kaya zote zikitoa, kila moja inapata faida ya 3,000 kwa gharama ya 1,000, yaani 2,000 halisi. Zote zikikataa, kila moja inabaki na sifuri na maji sebuleni. Huu ndio mtanziko wa wafungwa, mchezo ambamo kila mmoja akifuata faida yake peke yake wote huumia, katika umbo la watu wengi. Mancur Olson alionyesha mwaka 1965 kwamba ndiyo sababu kundi kubwa lenye maslahi ya pamoja linaweza kushindwa kabisa kujitetea, kila mmoja akingoja kudandia jasho la mwenzake.

Usiishie hapo, maana majirani hawakutani mara moja tu. Tuseme kaya zimekubaliana kwamba mmoja akikwepa, wote wataacha kutoa kuanzia mwezi unaofuata. Anayeendelea kutoa hupata 2,000 kila mwezi. Anayekwepa hupata 2,700 mara moja, kwa sababu wenzake tisa walitoa, kisha sifuri daima. Tukiuita uwezekano wa mchezo kuendelea mwezi ujao herufi p, kushirikiana kunalipa iwapo jumla inayotarajiwa ya miezi yote, yaani 2,000 ikigawanywa kwa (1 − p), haipungui 2,700, na hilo linatimia p inapofikia takriban 0.26. Hata mpangaji anayeamini kwamba kuna nafasi moja tu kati ya tatu ya kuwa bado yupo mtaani mwezi ujao ana sababu ya kutoa.

Kiwango hicho ni cha chini mno, na msomaji makini atashtuka: iweje basi mifereji ibaki imeziba? Jibu liko katika masharti tuliyoyapitisha kimyakimya. Tulidhani kwamba kila mtu anamwona aliyekwepa, na kwamba wote wanaamini kuwa wenzao wataacha kweli kutoa baada ya ukwepaji mmoja. Uvumilivu wa watu haukuwa kikwazo. Kikwazo ni taarifa na imani juu ya adhabu. Ukiwa mshauri wa sera, matokeo haya yanabadilisha ushauri wako, kwa kuwa fedha ulizotaka kuzitumia kuwahimiza wananchi juu ya uzalendo huenda zingefanya kazi zaidi zikinunua ubao wa kubandika majina ya waliotoa kwenye ofisi ya LC1, baraza la mtaa.

Swali hili limepimwa hapahapa Kampala. James Habyarimana, Macartan Humphreys, Daniel Posner na Jeremy Weinstein waliwachukua wakazi wapatao 300 wa eneo la Mulago na Kyebando na kuwachezesha michezo ya kugawana fedha halisi, ili wajue kwa nini mitaa yenye makabila mengi hupata shida kushirikiana. Walipowaficha wachezaji wasitambulikane, watu hawakuwapendelea wa kabila lao. Pale mtoaji alipojua kwamba anaonekana, baadhi ya waliokuwa wabinafsi gizani walianza kuwapa zaidi watu wa kabila lao. Hoja yao ni kwamba ushirikiano ndani ya kabila hutokana na matarajio ya kulipana wema na kuadhibiana zaidi kuliko upendo. Usome utafiti huo na karatasi ya mfereji ikiwa mbele yako, uone jinsi hesabu ya p inavyobadilika mtu anapoamini kwamba atapatikana na kuulizwa.

Kwa zoezi la ukubwa mwingine, geukia Ziwa Viktoria, ambalo Tanzania inamiliki asilimia 49, Uganda 45 na Kenya 6. Andika mchezo wa nchi tatu juu ya uvuvi wa sangara wachanga, kisha mchezo mwingine wa wavuvi wa mwalo mmoja. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wa rasilimali ya pamoja wanaweza kujitungia sheria na kuzilinda wenyewe bila kungoja serikali wala mnunuzi binafsi. Uganda ilikuwa na kamati za mialo, na mwaka 2017 jeshi liliingia ziwani kusimamia uvuvi. Jiulize mlinzi wa kutoka nje anapofika, mvuvi anabaki na sababu gani ya kumkanya jirani yake.

Mkaguzi na mtunza fedha

Sera nyingi za umma zinahusu mtu aliyepewa fedha na mtu anayepaswa kumchunguza. Mfano wa Uganda umesomwa dunia nzima. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya serikali kuu kwa shule za msingi, wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa matumizi yao yasiyo mishahara. Serikali ilianza kutangaza magazetini fedha zinazopelekwa wilayani, na kufikia 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80.

Kabla ya kulisifu gazeti, andika mchezo. Mtunza fedha ana njia mbili, kuiba au kutokuiba, na mkaguzi anaweza kukagua au kubaki ofisini. Kwa takwimu za kufundishia tena, akiiba bila kukaguliwa anapata milioni 10, akiiba na kukaguliwa anapoteza milioni 40, na asipoiba hapati wala hapotezi. Ukaguzi unamgharimu mkaguzi milioni 2, na akimkamata mwizi anapata sifa na zawadi yenye thamani ya milioni 8. Ukiyapanga haya katika jedwali la visanduku vinne, kimoja kwa kila jozi ya njia zao, na kutafuta kisanduku kimoja ambamo wote wawili wametulia, hutakipata: mkaguzi akikagua daima, mwenzake haibi, asipoiba, ukaguzi ni hasara, ukaguzi ukikoma, wizi unarudi. Msawazo uliopo ni wa kubahatisha. Mtunza fedha huwa haoni tofauti kati ya kuiba na kutokuiba pale uwezekano wa kukaguliwa unapokuwa 10 kugawanywa kwa 50, yaani asilimia 20. Mkaguzi huwa haoni tofauti kati ya kukagua na kutokukagua pale wizi unapotokea kwa uwezekano wa 2 kugawanywa kwa 8, yaani asilimia 25.

Rudia hesabu hiyo kwa mkono wako kabla ya kusoma mbele, kwa sababu linalofuata hupingana na silika. Bunge linakasirika na kuongeza adhabu mara mbili, kutoka milioni 40 hadi 80. Wizi unapungua kiasi gani? Haupungui hata kidogo. Uwezekano wa kukaguliwa ndio unaoshuka, kutoka asilimia 20 hadi takriban 11, maana adhabu kali zaidi inamruhusu mkaguzi kulala zaidi, na wizi unabaki kwenye 25 kwa kuwa kiwango chake huamuliwa na malipo ya mkaguzi. Ukitaka wizi ushuke, gusa upande wa mkaguzi: punguza gharama ya kukagua kutoka milioni 2 hadi laki 4, na wizi unashuka hadi asilimia 5.

Tangazo la gazetini lilifanya jambo la namna hiyo. Mzazi na mwalimu mkuu, ambao awali hawakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani kimetumwa, waligeuka wakaguzi kwa bei ya nakala moja ya gazeti. Hata hivyo tahadhari inahitajika, kwa sababu miaka ileile ilikuja elimu ya msingi kwa wote ya 1997 na mageuzi mengine ya usimamizi wa fedha, na mchezo mdogo wa watu wawili hauwezi kukuambia ni sehemu gani ya mabadiliko ililetwa na gazeti. Unakuambia tu ni njia gani ingeweza kufanya kazi na kwa nini. Tofauti hiyo uishike sana, hasa mbele ya wanasiasa wanaopenda adhabu kali.

Mantiki ya kuonekana ina upande wake mchungu pia. Uchaguzi wa LC1 wa Julai 2018, wa kwanza tangu 2001, ulifanywa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao. Mstari ni rahisi kuuhesabu na ni mgumu kuuiba. Lakini mgombea aliyegawa sabuni na chumvi jana yake anaweza kuona ni nani hakusimama nyuma yake, jambo ambalo sanduku la siri lisingemruhusu. Andika michezo miwili ya ununuzi wa kura, mmoja kwa kila utaratibu, ulinganishe.

Mti wa mchezo na kusoma kutoka mwisho

Jedwali linatosha pale wachezaji wanapoamua kwa pamoja au bila kujuana. Wakipokezana hatua, chora mti: kila fundo ni mtu anayeamua, kila tawi ni chaguo lake, na mwishoni mwa matawi huwekwa malipo. Kisha usome kuanzia mwisho ukirudi mwanzo, ukiuliza katika kila fundo mchezaji wa hapo atachagua nini akifika. Mti mfupi wa kuanzia ni kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. Serikali ilichagua kutoza. Watumiaji wakachagua kulipa, kuacha, au kupita njia ya VPN, programu inayoficha ni mitandao ipi mtu anaitembelea. Mwaka 2021 serikali ikaifuta na kuweka asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo haikwepeki kwa njia hiyo. Ukisoma mti huo kutoka mwisho, utajiuliza kwa nini hatua ya tatu haikuwa ya kwanza, na utalazimika kutafuta jibu katika siasa badala ya hesabu.

Mti unaostahili muda wako mwingi ni ule wa mazungumzo ya Juba kati ya serikali ya Uganda na LRA, kundi la waasi la Joseph Kony. Sheria ya Msamaha ilipitishwa mwaka 2000. Desemba 2003 serikali ya Uganda iliipeleka kesi ya LRA katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mwaka 2005 mahakama hiyo ikatoa hati za kuwakamata Joseph Kony na makamanda wake wanne. Mazungumzo yalianza Juba Julai 2006 chini ya usuluhishi wa Riek Machar, makubaliano ya kusitisha mapigano yakatiwa saini Agosti, na mkataba wa mwisho ukawa tayari mwaka 2008. Kony hakutokea kuutia saini. Desemba mwaka huo majeshi yalishambulia kambi zake katika Garamba, nchini Kongo.

Soma kutoka mwisho. Fundo la mwisho ni siku inayofuata baada ya Kony kuweka silaha chini. Nani anaamua kama atakamatwa? Kampala inaweza kuahidi kumshtaki nyumbani, na mapatano ya Juni 2007 juu ya uwajibikaji yalielekea huko, lakini hati zilikwisha kutolewa na mahakama ambayo Kampala haiiamuru. Hata Kampala yenyewe, akishakuwa hana bunduki, haina cha kuilazimisha itimize ahadi. Hoja ya James Fearon ya mwaka 1995 juu ya sababu za vita inakaa vizuri hapa: pande mbili zinaweza kupigana hata pale ambapo yapo mapatano ambayo zote zingeyapenda kuliko vita, iwapo upande mmoja hauwezi kuahidi kwa namna ya kuaminika kwamba hautageuka kesho.

Lakini mti uleule una misomo mingine miwili. Huenda hati za kukamatwa ndizo zilizomsukuma Kony kuketi mezani, na huenda hakukusudia kamwe kusaini, akitafuta tu muda wa kupumua. Misomo yote mitatu inaishia tawi lilelile, kwa hiyo mwisho peke yake hauwezi kukuchagulia. Itakubidi utafute tofauti zake njiani: masharti gani yalidaiwa na kubadilishwa, na nani alidai. Hapo utakutana na Vincent Otti, naibu wa Kony aliyeonekana kuyaunga mkono mazungumzo, ambaye aliuawa Oktoba 2007 kwa amri ya kiongozi wake. Mti wenye fundo lililoandikwa LRA tu ulikuwa umeunganisha watu wawili wenye malipo tofauti. Ugawe fundo hilo, uchore upya, uone kama hoja ya ahadi bado inasimama. Kwangu inasimama, ila imepungua ukubwa.

Kuutafutia mchezo ushahidi

Mchezo ulioandikwa vizuri hutoa angalau utabiri mmoja unaoweza kukanushwa, na utabiri huo ndio unaopaswa kuutafutia takwimu. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, takwimu za UBOS (ofisi ya takwimu ya Uganda) na tafiti za maoni za Afrobarometer, ambazo Uganda imekuwemo tangu 2000, zinapatikana bila kulipia na zinatosha kwa tasnifu ya shahada ya kwanza. Anayetaka kuhoji watu au kuwachezesha michezo ya fedha ahakikishe ana idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na aanze kuishughulikia mapema, maana idhini haifuati ratiba ya muhula.

Katika mahojiano, maswali ya kawaida ya tafiti humuuliza mtu anataka nini. Nadharia ya michezo inahitaji zaidi kujua alidhani wengine wangefanya nini, na yeye angefanya nini kama wangefanya kinyume. Diwani anayesema aliipigia kura bajeti kwa sababu ni nzuri hajakusaidia sana. Muulize angepiga kura ipi kama angejua kwamba wenzake watano wataikataa, na mara nyingi atakuonyesha mchezo mzima.

Usitegemee utafiti mmoja, hata uwe maarufu. Martina Björkman na Svensson walichapisha mwaka 2009 jaribio la zahanati 50 katika wilaya tisa za Uganda, ambamo wanakijiji walipewa taarifa za utendaji wa zahanati na kuketi na wahudumu kupanga mabadiliko. Vifo vya watoto wadogo vilipungua sana. Jaribio kubwa zaidi lililofuata nchini humuhumu halikuiona athari hiyo kwa vifo. Badala ya kuchagua upande, andika mchezo wa mwanakijiji, mhudumu na serikali, kisha uulize ni malipo gani yangekuwa tofauti kati ya wakati wa jaribio la kwanza na la pili. Swali hilo linatosha kuwa mada ya shahada ya uzamili.

Unapoandika matokeo, weka jedwali au mti ndani ya maandishi yenyewe, eleza kila namba imetoka wapi, na useme wazi ni namba zipi ulizikisia. Kisha, kabla ya kuipeleka kazi kwa msimamizi wako, mpelekee jedwali mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kimojawapo: mhasibu mstaafu wa wilaya, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, karani wa gombolola. Usimweleze nadharia. Mweleze visanduku vinne kwa maneno ya kawaida, umwombe akuonyeshe kile ambacho hakijawahi kutokea mahali pake, na umuulize sababu. Rudi na sababu hiyo, badilisha malipo ya kisanduku hicho, na ukokotoe upya.